Parachichi, makadamia na matunda mengine ya Rwanda: mwongozo wa mkulima na mfanyabiashara wa mpakani

Na Mwandishi Wetu wa Biashara, Kigali

Ukiingia soko la Kimironko hapa Kigali utakuta maparachichi ya aina mbili juu ya meza moja. Moja ni kubwa, la kijani, lina ngozi laini na shingo ndefu. Hilo ni la kienyeji. Jingine ni dogo, lina ngozi nene yenye vipele, na likiiva hugeuka rangi kuwa jeusi. Hilo ni Hass. Kwa mnunuzi wa chakula cha mchana tofauti yake ni ya ladha tu. Kwa mfanyabiashara hizo ni biashara mbili tofauti kabisa. La kwanza huvuka mpaka kichwani kwa mama muuzaji anayekwenda Goma. La pili husafiri ndani ya boksi la kilo nne kwenda Dubai au Ulaya.

Mkulima anayepanda leo lazima achague kati ya hayo mawili, au achague mti mwingine kabisa. Uchaguzi huo si kama wa maharage, ambayo ukikosea msimu huu unabadilisha msimu ujao. Mti wa parachichi ukitunzwa vizuri huzaa kwa miaka 30 na zaidi. Mpaka wa Gatuna ulifungwa Februari 2019 na ukafunguliwa Januari 31, 2022. Ni karibu miaka mitatu, yaani muda ule ule ambao mche wa Hass huchukua kutoka kupandwa hadi kuanza kuzaa. Mkulima aliyepanda kwa ajili ya soko la upande mmoja aliweza kuusubiri mti ukue huku mlango wa soko lake umefungwa.

Makala haya yanaeleza kwa ufupi miti inayolimwa, hesabu zake, karatasi zinazotakiwa na hatari zilizopo. Ni kwa ajili ya mwenye shamba, mchuuzi wa mpakani na yeyote anayefikiria kuweka fedha zake katika bustani ya matunda.

Majina sokoni

Tuanze na jambo dogo linalowasumbua wageni. Mswahili akifika Kigali na kuuliza "matunda", ataonyeshwa pasheni, kwa kuwa katika Kinyarwanda neno amatunda hutumika kwa tunda hilo, ambalo pia huitwa marakuja. Matunda kwa ujumla huitwa imbuto, neno ambalo pia lina maana ya mbegu. Parachichi ni avoka. Ikinyomoro ni lile tunda jekundu lenye umbo la yai ambalo watu wa Lushoto, Tanzania, huliita gogwe. Embe ni umwembe, chungwa ni icunga na nanasi ni inanasi. Mfanyabiashara anayeagiza mzigo kwa simu ahakikishe jina kabla ya kutuma fedha.

Mti upi huzaa baada ya muda gani

Kwa miche bora na utunzaji wa kawaida, muda wa kusubiri ni kama ifuatavyo:

1. Pasheni: miezi 8 hadi 12. Si mti bali ni mmea unaotambaa, na shamba lake huchoka baada ya miaka miwili au mitatu. Magonjwa ya virusi ndiyo adui wake mkubwa.

2. Kinyomoro (gogwe): mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Hupenda maeneo ya juu yenye ubaridi. Maisha yake ni mafupi.

3. Parachichi la kubebesha, kama Hass na Fuerte: miaka mitatu hadi minne. Likipandwa kwa kokwa tu, subiri miaka mitano hadi minane au zaidi, na hutajua tunda litakuwa la aina gani.

4. Embe na chungwa vya kubebesha: miaka mitatu hadi minne. Embe hupenda joto, hivyo hustawi zaidi upande wa mashariki na Bugesera kuliko kwenye milima ya kaskazini.

5. Makadamia ya kubebesha: miaka minne hadi mitano kuona karanga za kwanza, na miaka saba au zaidi kupata mavuno ya kuridhisha.

Rwanda ina bahati ya mwinuko. Kigali yenyewe iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya nchi iko katika kimo ambacho Hass hukipenda. Mvua huja mara mbili kwa mwaka. Kipindi kigumu ni kiangazi cha Juni hadi Agosti. Kwa sababu hiyo wakulima wengi hupanda miche mvua za Septemba zinapoanza, ili mizizi ishike kabla ya kiangazi kinachofuata. Hata hivyo mche wa mwaka wa kwanza utahitaji kumwagiliwa na kufunikwa shina kwa nyasi.

Hass ilitoka wapi

Parachichi asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Hass ilianza na mti mmoja tu uliopandwa na Rudolph Hass, mfanyakazi wa posta, huko La Habra Heights, California. Aliupatia hataza mwaka 1935. Kila mti wa Hass duniani, wa Murang'a, Njombe au Rwamagana, ni kikonyo kilichotokana na mti huo kwa kubebesha. Mti mama wenyewe ulikufa mwaka 2002 kwa ugonjwa wa kuoza mizizi. Ugonjwa huo unaua miparachichi hapa kwetu pia, hasa mahali ambapo maji yanatuama. Ndiyo maana wataalamu husisitiza kupanda kwenye mteremko au udongo unaopitisha maji, wala si bondeni kwenye majimaji.

Kuna jambo jingine ambalo wakulima wengi hawaelezwi wanaponunua miche. Ua la parachichi hufunguka mara mbili, mara moja likiwa jike na mara ya pili likiwa dume. Hass ni kundi A: ua lake ni jike asubuhi ya siku ya kwanza na dume mchana wa siku ya pili. Fuerte ni kundi B: ua ni jike mchana, na dume asubuhi inayofuata. Makundi hayo mawili yakiwa pamoja, chavua hupatikana wakati inapohitajika. Shamba la Hass pekee huzaa, lakini kuweka mti mmoja wa Fuerte kwa kila miti tisa au kumi, pamoja na mizinga michache ya nyuki, husaidia mavuno.

Miche: hapa ndipo hasara huanzia

Mche wa kubebesha una sehemu mbili: shina la chini lililooteshwa kwa kokwa, na kikonyo kilichokatwa kwenye mti unaojulikana. Ubora wa tunda unatokana na kikonyo. Tatizo ni kwamba mche mdogo wa Hass na mche mdogo wa aina nyingine hufanana sana machoni pa mtu wa kawaida.

Mwandishi wa makala haya alipanda miche 12 ya "Hass" kwenye kiwanja cha familia miaka kadhaa iliyopita, aliyoinunua kwenye kitalu kimoja cha kando ya barabara. Ilipozaa, mitano kati yake ilikuwa na matunda ya kijani yenye ngozi laini. Risiti haikuwepo, na muuza miche alikuwa amekwishahama. Hasara haikuwa bei ya miche mitano. Hasara ilikuwa miaka minne ya ardhi, maji na samadi, ambayo hakuna anayeirudisha.

Kwa hiyo, kabla ya kununua miche:

- Nunua kwenye kitalu kilichosajiliwa na kukaguliwa. Afisa kilimo wa sekta yako au ofisi ya RAB, bodi ya utafiti na uendelezaji wa kilimo na mifugo, anaweza kukuelekeza.
- Omba kuona mti ambao vikonyo vilikatwa. Mwenye kitalu wa kweli hatakasirika.
- Tazama kovu la kubebesha. Liwe limepona, na liwe juu ya udongo baada ya kupanda.
- Chukua risiti yenye jina la aina, idadi na tarehe.
- Kataa mche uliokaa muda mrefu kwenye mfuko hadi mizizi imejizungusha chini.

Nafasi shambani na mazao ya kuchanganya

Kwa nafasi ya mita 7 kwa 7, hekta moja huchukua miti 204. Nusu hekta ni miti 102. Wengine hubana hadi mita 5 kwa 5, yaani miti 400 kwa hekta, lakini hapo itakubidi upogoe kila mwaka, la sivyo matawi hugombana na mavuno hushuka. Shimo la sentimita 60 kila upande linatosha katika udongo wa kawaida. Tenga udongo wa juu, uchanganye na samadi iliyooza vizuri, kisha ndio urudi shimoni kwanza.

Wakulima wengi wa Rwanda wana chini ya hekta moja, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo ndiyo chakula cha nyumbani. Mti hauwezi kupewa shamba lote huku watoto wakisubiri miaka minne. Njia inayofaa ni kupanda maharage kati ya mistari kwa miaka miwili au mitatu ya mwanzo. Usipande nyanya, biringanya wala viazi mviringo karibu na miparachichi, kwa kuwa mazao hayo hubeba vimelea vya ugonjwa wa mnyauko ambao hushambulia parachichi pia.

Hesabu ya kusubiri

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Ni kweli, lakini hawakutaja riba.

Tuchukue mfano. Tuseme umekopa kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka. Faranga 1,000 utakazopokea baada ya miaka minne zina thamani ya faranga 572 za leo. Ukizipokea baada ya miaka mitano ni 497, yaani nusu. Baada ya miaka saba ni 376 tu. Hii haimaanishi usipande makadamia. Maana yake ni kwamba faida inayosemwa kwenye semina, "mti mmoja utakupa kiasi fulani kwa mwaka", lazima ikatwe muda wa kusubiri kabla ya kulinganishwa na maharage au ndizi zinazoleta fedha mwaka huu.

Jambo la pili ni aina ya mkopo. Kila sekta ya Rwanda ina ushirika wake wa akiba na mikopo, Umurenge SACCO, na jumla yake ni 416. Ni msaada mkubwa kwa mfanyabiashara mdogo. Lakini mkopo unaotakiwa kurejeshwa ndani ya mwaka mmoja au miwili haufai kununulia mti utakaozaa mwaka wa nne. Mkulima aliyechukua mkopo wa namna hiyo hulipa kwa kuuza mbuzi, na mwishowe huuza shamba lenye miti kabla ya mavuno ya kwanza. Kabla ya kusaini, uliza swali moja: marejesho ya kwanza yanaanza lini? Kama jibu ni "mwezi ujao", panda kidogo kidogo kwa fedha zako mwenyewe.

Lini kuchuma

Parachichi haliivi mtini. Hukomaa mtini na kuiva baada ya kuchumwa. Likichumwa kabla ya kukomaa haliivi vizuri, bali husinyaa na kuwa kama mpira, na mnunuzi wa ng'ambo hasahau jambo hilo.

Kipimo kinachotumika duniani ni kiasi cha kitu kikavu kinachobaki maji yakitolewa kwenye nyama ya tunda. Kiwango cha chini cha kimataifa kwa Hass ni asilimia 21, na kwa Fuerte ni asilimia 20. Kupima ni rahisi. Chukua gramu 10 za nyama ya tunda, zikaushe kwenye oveni hadi uzito usishuke tena, kisha pima. Zikibaki gramu 2.1 au zaidi, Hass yako iko tayari. Chini ya hapo, subiri.

Kenya imejifunza kwa gharama. Baada ya malalamiko ya wanunuzi kuhusu matunda machanga, mamlaka za huko zilisimamisha usafirishaji wa parachichi kuanzia Novemba 2020 hadi mapema 2021, na tangu hapo kusimamisha huko kumekuwa jambo la kila mwisho wa msimu. Lawama zilikwenda kwa walanguzi waliochuma kila kilichoning'inia ili kuwahi fedha. Mkulima wa Rwanda asidhani hilo haliwezi kumfika. Mlanguzi anayekuja usiku na fedha taslimu, akitaka kununua mti mzima kwa bei moja, halipi kwa kilo wala kwa ubora. Anakununulia msimu wako ujao pia, kwa sababu jina la Rwanda likiharibika bei hushuka kwa wote.

Chuma kwa mkasi, acha kikonyo kifupi kwenye tunda, usitikise mti wala kuangusha chini. Tunda lililogonga ardhi halionyeshi jeraha siku hiyo. Huonyesha Rotterdam.

Makadamia: zao la mwenye subira

Makadamia asili yake ni Australia. Kenya iliupata mti huu miaka ya 1940 kupitia mlowezi Bob Harries, karibu na Thika, na leo ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani. Rwanda ilianza baadaye na bado uzalishaji wake ni mdogo.

Uzuri wa makadamia ni kwamba karanga huanguka zenyewe zikikomaa, haziozi kwa siku tatu kama tunda, na ganda lake gumu hulinda mzigo barabarani. Kwa nchi isiyo na bahari hilo ni jambo kubwa. Ubaya wake ni muda wa kusubiri, pamoja na bei inayopangwa mbali. Bei ya dunia iliposhuka mwaka 2022 na 2023, wakulima wa Kenya walibaki na magunia. Serikali yao, ambayo tangu 2009 ilikuwa imepiga marufuku kuuza nje karanga ambazo hazijabanguliwa, ililegeza marufuku hiyo kwa mwaka mmoja kuanzia mwishoni mwa 2023.

Muuzaji ajue hesabu ya unyevu. Karanga inayoanguka ina unyevu wa karibu asilimia 25. Kilo 100 za namna hiyo zikikaushwa hadi asilimia 10, kiwango cha kuhifadhia, hubaki kilo 83 tu. Zikikaushwa zaidi kwa ajili ya kubanguliwa, hadi asilimia 1.5, hubaki kilo 76. Ukitoa maganda, kiini ni karibu robo ya ulichookota, na mara nyingi chini ya hapo. Kwa hiyo bei "kwa kilo" haina maana mpaka mkubaliane ni kilo mbichi, kavu au ya kiini. Ugomvi mwingi kati ya mkulima na mnunuzi huanzia hapo, na mara nyingi si wizi bali ni watu wawili wanaopima vitu viwili tofauti.

Milango mitatu ya soko

Mlango wa kwanza ni nyumbani. Kigali inakua, hoteli zinaongezeka, na viwanda vya juisi vinahitaji matunda. Inyange, chenye kiwanda Masaka, na Urwibutso cha mfanyabiashara Sina Gérard huko Nyirangarama, wilaya ya Rulindo, ni majina yanayojulikana na kila mtu. Kiwanda hakilipi bei ya tunda la maonyesho, lakini hununua lile lenye kovu ambalo duka kubwa hulikataa.

Mlango wa pili ni jirani. Petite Barrière, kati ya Rubavu na Goma, ni miongoni mwa vivuko vya waenda kwa miguu vyenye watu wengi zaidi Afrika, na akina mama ndio wengi kati ya wachuuzi wake. Parachichi la kienyeji lina soko zuri huko, kwa sababu mji wa Goma umekaa juu ya mawe ya volkano na hula vinavyolimwa kwingine. Lakini mlango huu hutikisika. Ulibanwa wakati wa hofu ya Ebola mwaka 2019, ukafungwa kwa korona mwaka 2020, na mwisho wa Januari 2025 Goma ilipoingia mikononi mwa M23, benki za mji huo zilifunga milango na fedha taslimu zikawa adimu. Mchuuzi alikuwa na mzigo na mteja alikuwa na njaa, lakini noti hazikuwepo. Upande wa kusini, Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024.

Mlango wa tatu ni ng'ambo. Bidhaa za Rwanda huingia Ulaya bila ushuru wala kikomo cha kiasi chini ya mpango wa Umoja wa Ulaya kwa nchi maskini, ulioanza mwaka 2001. Kikwazo si ushuru bali ni safari. Kwa ndege kutoka Kigali tunda hufika siku inayofuata, ila nauli ya kilo moja huweza kumeza bei ya parachichi, ambalo ni zito na si ghali. Ndege huwafaa zaidi wauza pilipili, maharage mabichi na pasheni. Kwa meli ni nafuu, lakini kwanza lori litembee karibu kilomita 1,500 hadi Dar es Salaam kupitia Rusumo, au karibu kilomita 1,700 hadi Mombasa kupitia Uganda, tunda likiwa kwenye baridi ya nyuzi 5 au 6 njia nzima. Jokofu likizimika nusu siku tu, hasara huonekana mwisho wa safari. Tangu mwishoni mwa 2023, mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalipozifanya kampuni nyingi za meli kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ya kwenda Ulaya iliongezeka kwa wiki kadhaa. Ndiyo sababu mojawapo ya Dubai na nchi jirani zake kuvutia zaidi, kwani meli za huko hazipiti njia hiyo.

Tena, kontena moja la futi 40 hubeba kwa kawaida maboksi 5,280 ya kilo nne, yaani tani 21. Tuseme, kwa mfano tu, mti wako umetoa kilo 60 na asilimia 60 ya matunda yamekidhi kiwango. Ni kilo 36 kwa mti, kwa hiyo kontena moja linahitaji miti 587. Mwenye nusu hekta ana miti 102. Wakulima sita wa nusu hekta ndio hujaza kontena moja, na lazima wachume katika siku hizo hizo, kwa kipimo hicho hicho. Hapa ndipo ushirika unapokuwa lazima, si siasa.

Angalia pia kalenda. Peru hufurika soko la Ulaya hasa kati ya Mei na Julai, na bei hushuka. Tunda la Afrika Mashariki lina nafasi nzuri zaidi kabla au baada ya hapo.

Karatasi zinazotakiwa

Kwa mchuuzi mdogo anayeuza ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani hutumia cheti cha uasili kilichorahisishwa, kinachotolewa na forodha mpakani. Bidhaa iliyolimwa ndani ya Jumuiya haitozwi ushuru wa forodha. Usimlipe mtu wa pembeni anayejidai kukuuzia fomu hiyo.

Kwa mzigo mkubwa au wa ng'ambo, yafuatayo ni ya lazima:

- Usajili wa msafirishaji. NAEB, bodi ya kuendeleza mazao ya kuuza nje iliyoanza kazi mwaka 2011, ndiyo mlango wa kwanza wa kuuliza.
- Cheti cha afya ya mimea kutoka RICA, baada ya mzigo kukaguliwa.
- Cheti cha uasili wa bidhaa na tamko la forodha, kupitia wakala aliyesajiliwa.
- Kwa maduka makubwa ya Ulaya, cheti cha GLOBALG.A.P. kinachoonyesha dawa zilizotumika na tarehe zake.

Hilo la mwisho si mapambo. Dawa ya klopirifosi, ambayo bado huonekana katika maduka ya pembejeo ya ukanda wetu, haina tena kibali Ulaya tangu 2020. Mkulima mmoja akiinyunyiza, mzigo wa wenzake watano huweza kurudishwa au kuteketezwa. Andika kila dawa kwenye daftari, hata kama mnunuzi hajauliza.

Ardhi na mkataba

Usipande mti wa miaka 30 kwenye ardhi ya kukodi kwa maneno ya mdomo. Mkataba uandikwe, utaje miti ni ya nani na itakuwaje kodi ikiisha. Kama ardhi ni yenu wawili, mume na mke, majina yote yawe kwenye hati. Na kama barabara au mradi wa umma utapita shambani, sheria ya mwaka 2015 kuhusu kuchukua ardhi kwa manufaa ya umma inatoa fidia ya ardhi pamoja na kilicho juu yake, miti ikiwemo. Picha, risiti za miche na idadi ya miti iliyoandikwa mapema ndivyo vitakavyokutetea siku ya tathmini.

Basi nipande nini?

Hakuna jibu moja, lakini kanuni ya uchumi ni ile ile: usitegemee mnunuzi mmoja wala mpaka mmoja. Mwenye nusu hekta karibu na kituo cha kukusanyia mazao anaweza kupanda Hass sehemu moja, akaacha miparachichi yake michache ya kienyeji kwa ajili ya soko la nyumbani na la jirani, na vinyomoro au pasheni kidogo vya kuleta fedha wakati anasubiri. Aliye mbali na barabara nzuri, ambako lori la baridi halifiki, atazame makadamia, mradi ana chakula cha miaka saba. Aliye Bugesera au mashariki kwenye joto, na ana maji, aulize kuhusu embe.

Na kabla ya kuchimba shimo la kwanza, jaribu swali hili: mpaka ninaoutegemea ukifungwa mwaka ambao mti wangu unazaa kwa mara ya kwanza, nitamuuzia nani? Ukiwa na majina mawili ya kujibu, chimba. Ukiwa na moja, endelea kuuliza. Ukikosa kabisa, panda maharage msimu huu, na urudi kwenye swali hili mvua za Septemba zikikaribia.